Wenzake wamepandishwa ngazi, wangu kabakizwa. Nimhamishe klabu?

Bi Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kwetu Tanga, ila huu ni mwaka wa saba tuko Columbus, Ohio, nalea wazee kwenye nyumba yao, mara nyingi zamu ya usiku. Binti yangu mkubwa ana miaka minane na anacheza jimnastiki tangu ana mitano. Alianza na Jumamosi tu, saa moja, kuchangamsha mwili. Kisha kocha akaniita, akasema mtoto ana kipaji, aingie timu. Msimu uliopita wote kacheza Ngazi ya 3, kaenda mashindano matano, karudi na medali, na bibi yake kule Tanga kazibandika picha zake sebuleni, kila mgeni lazima aonyeshwe.

Mwezi uliopita wakabandika ukutani karatasi ya majina ya msimu ujao. Wenzake wanne wamepelekwa Ngazi ya 4. Yeye na mtoto mmoja mwingine wamebakizwa ya 3. Aliisoma mwenyewe ile karatasi, hakusema neno. Tulipofika kwenye gari ndipo akaangua kilio, akalia mpaka nyumbani. Nami nikalia, sitakuficha.

Kinachoniuma ni kwamba mtoto huyu anaweza. Kujirusha kinyumenyume kwa mikono anajirusha vizuri kuliko wawili kati ya hao waliopandishwa. Baba yake amemnunulia kile chuma cha mazoezi cha kusimamisha sebuleni, na kila usiku baada ya kula tunashusha godoro, anarudia kipu, ile ya kuning'inia, kubembea na kujipandisha mpaka kiuno kifike kwenye chuma. Wiki iliyopita aliipata! Mara moja, lakini aliipata. Tulipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari. Video nikamwonyesha kocha. Akatabasamu, akasema vizuri sana, lakini bado. Bado nini, hakusema, watoto walikuwa wanamngoja.

Kuna klabu nyingine dakika ishirini kutoka kwetu. Nilipiga simu, wakasema mlete, ataingia Ngazi ya 4 moja kwa moja. Mume wangu anasema tuache mambo yalivyo. Wifi yangu anasema kabakizwa kwa rangi yake. Mimi sijui, maana huyo mwingine aliyebaki ni Mzungu.

Mtoto anasema anataka kuwa na rafiki zake. Siku hizi kwenye boriti, ile mbao nyembamba wanayotembea juu yake, anafika mahali pa kugeuka, anasita, anashuka. Sijui ni huzuni ama ni uvivu. Mikono nayo inamuuma pale kwenye vifundo, ila nikimchua na mafuta ya karafuu analala vizuri. Anarefuka kama mnazi, viatu vya shule nimenunua mara mbili tangu Agosti.

Ngazi ya 4 ni siku tatu kwa wiki, muda wa saa tatu kila siku, na ada inapanda kutoka dola 210 kwa mwezi hadi 290. Nitaongeza zamu, zitapatikana. Ninachotaka kujua ni kimoja: mama asiyejua jimnastiki atajuaje kwamba mwanawe yuko tayari kupanda?

Mama wa Wawili, Ohio

Tena: bibi yake anapenda medali lakini lile vazi la mapaja wazi halipendi. Nimjibu nini?

*

Marahaba, mwanangu. Nami nakusalimu wewe na baba watoto, na bibi wa picha sebuleni.

Barua yako ndefu, na jambo kubwa kuliko yote umelitaja na kulipita mbio, katikati ya uvivu na viatu vya shule. Mikono inamuuma. Niruhusu nianzie hapo, ngazi itangoja.

Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu laini, gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mtu mzima hana tena sehemu hiyo, imekwisha kuwa mfupa. Mtoto wa miaka minane anayo, na kwa huyu wako anayemaliza jozi mbili za viatu ndani ya miezi michache, inafanya kazi usiku na mchana. Sasa fikiria anapojirusha kinyumenyume: mwili wote unashukia viganja, kifundo kimekunjwa kwa nyuma, tena si mara moja, ni mara hamsini kwa jioni. Ile sehemu laini ya mfupa wa upande wa kidole gumba inabanwa na kuchokozwa. Madaktari wa michezo wanaijua sana hali hii kwa watoto wa jimnastiki. Ikiwahiwa inapona kwa kupumzika. Ikipuuzwa, mfupa ule unaweza kubaki nyuma katika kukua, mwenzake wa upande wa kidole cha mwisho ukaupita, na hapo ndipo maumivu ya kudumu yanapoingia.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujampigia mtu yeyote wa klabu, mpeleke kwa daktari wa watoto na umwambie waziwazi anacheza jimnastiki, saa ngapi kwa wiki, na kwamba anaumia anapoegemea viganja. Ukiweza kupata daktari wa michezo, bora zaidi. Picha ya eksirei inaweza kutoka safi mwanzoni, isikudanganye ukamrudisha mazoezini huku bado anaumia. Mpaka daktari aseme, asibebe mwili kwa mikono. Atapata kazi nyingine: tumbo, miguu, kunyoosha viungo, kurukaruka kwenye boriti ya chini. Mafuta ya karafuu sina ugomvi nayo, na mimi nimekulia humo humo, lakini hapo yanafunika harufu ya moshi tu.

Na hesabu nyingine, ya saa. Madaktari wa michezo ya watoto wana kipimo chepesi: saa za mchezo kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani nacho kinahimiza siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na jumla ya miezi mitatu kwa mwaka nje ya mchezo ule, kwa vipande vya mwezi mmoja mmoja. Binti yako ana minane. Ngazi ya 4 pale kwenu ni saa tisa. Tisa kwa minane si maafa, wapo wanaozifanya wakiwa wazima. Lakini hizo tisa ni za klabu. Za sebuleni kila usiku, baada ya chakula, tumbo limejaa, kocha hayupo, nani anazihesabu? Kocha akisikia mikono inamuuma, nadhani atashangaa kwa nini mtoto anayefanya saa chache anaumwa kama anayefanya nyingi. Umemwambia kuhusu kile chuma?

Haya, sasa swali lako.

Nilifundisha michezo shuleni miaka mingi, zama za magodoro ya usumba yaliyokuwa yakitoa vumbi kila mtoto anapotua. Tulikuwa na vijana wa pwani waliojifunza samasoti kwa kujirusha baharini kutoka ukutani, kama wanavyofanya hadi leo wale wa Forodhani, Unguja. Hewani walikuwa wazuri kupita kiasi. Mmoja nilimpandisha upesi, nikamweka na wakubwa, kwa sababu nilitazama alivyoruka sikutazama alivyotua. Maji yanamsamehe anayetua vibaya. Usumba haukumsamehe, alivunjika mfupa wa bega, na mama yake alikuja shuleni akasimama mbele yangu asiseme neno. Tangu siku ile naanza kutazama miguu.

Fanya hivi mkono ukishapona. Nenda mazoezini siku moja ya wiki, si Jumamosi ya kwanza watoto wakiwa wapya, na kaa ile robo saa ya mwisho, wakati amechoka. Acha simu kwenye mkoba. Video inakuonyesha mara moja iliyofaulu, nyingine tisa umezifuta. Hesabu kumi. Kati ya mara kumi anazojirusha, ngapi anatua miguu yote pamoja, magoti yamelegea kidogo, kifua juu, bila kupiga hatua ya kujiokoa? Viganja vinafika pamoja au kimoja kinachelewa? Viwiko vimenyooka au vinakunjika kama miguu ya kiti kibovu? Mimi nikipata nane kati ya kumi, naanza kufikiria hatua inayofuata. Nikipata tano, hata kama hizo tano ni nzuri za kupigiwa makofi, mtoto bado anajifunza.

Halafu tazama kinachotokea akisahihishwa. Kocha anamwambia, kaza tumbo. Zamu inayofuata, kuna kitu kimebadilika? Hata kidogo, hata kwa kukosea upande mwingine? Kwangu hiyo inazidi kipaji. Mtoto anayesikia na mwili wake ukasikia, huyo hata akibakizwa mwaka mzima hataharibikiwa. Anayerudia vilevile mara kumi, ama hajaelewa, ama amechoka, ama anaogopa, na kumpandisha hakutatui hata kimoja.

Kipu sasa. Nielewe, hiyo mara moja aliyoipata nimeifurahia kama wewe. Ila katika mpangilio wa Marekani kipu ndiyo mlango wa Ngazi ya 4: zoezi la vyuma linaanza nayo, na kila msichana wa ngazi ile nchi nzima anafanya zoezi hilohilo. Asiyekuwa nayo kwa uhakika hana pa kuanzia. Ananing'inia, anabembea, hafiki, anajaribu tena, na waamuzi wanatazama, na bibi anatazama kwa simu kutoka Tanga. Makocha huwaambia watoto wajivute kama wanaopandisha suruali wakiwa hewani, na mzazi akisikia hivyo anadhani ni ujanja tu. Ujanja upo, lakini chini yake kuna tumbo na mabega. Mwombe ajivute kidevu kifike juu ya chuma mara tatu mfululizo bila kutupa miguu. Mwombe aning'inie na kuinua miguu iliyonyooka mpaka vidole vya miguu viguse chuma, mara tano. Akiweza bila kujikunjakunja, kipu inakuja yenyewe karibuni. Akishindwa, ile ya sebuleni aliipata kwa kujirusha, na kujirusha ndiko kunakovuta vifundo.

Kuhusu boriti, usimwite mvivu tafadhali. Boriti ina upana wa sentimita 10, na ikiinuliwa kimashindano inafika sentimita 125 kutoka chini, yaani karibu urefu wote wa mtoto wa umri wake. Mwili alioujua mwaka jana si huu alionao leo. Miguu imerefuka, uzito umehama, na ubongo bado unatumia ramani ya zamani. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani ambaye sijui nani amemzidi, alijiondoa katikati ya fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021 kwa sababu akiwa hewani alishindwa kujua mwili wake uko wapi. Watu walimsema. Mwaka 2024 huko Paris, akiwa na miaka 27, akachukua tena dhahabu ya jumla, ya vifaa vyote pamoja. Akisita mtu kama yule inaitwa busara, akisita mtoto wako tunasema amedeka? Mrudisheni boriti ya chini wiki kadhaa. Kocha mzuri atafanya hivyo bila kuombwa, na bila kumcheka.

Sasa kocha. Usimkabili mlangoni watoto wakimngoja, wala usimpeleke video nyingine. Omba miadi ya dakika kumi, mtoto asiwepo. Na usimuulize atapanda lini. Muulize: "Unataka kuona nini kwake ambacho bado hujakiona?" Anayejua kazi atakutajia vitu: kipu mara kadhaa mfululizo, kusimama kwa mikono juu ya boriti, viwiko. Andika. Muulize pia kama anaweza kushindana Ngazi ya 3 huku anafunzwa vitu vya 4 pembeni. Wengi wanafanya hivyo, na mtoto hajisikii amekaa darasa lilelile kama aliyefeli. Mweleze maumivu ya mkono na mazoezi ya nyumbani, yote, hata kama utaona haya. Akikujibu "bado tu" kwa mara ya pili, bila kitu cha kushika, hapo nitakuelewa ukianza kutazama kwingine.

Ila si ile klabu ya simu. Wamempa mtoto Ngazi ya 4 bila kumwona akishika chuma. Wamesikia ada ya mwezi wakasema karibu. Ukitaka kutazama klabu, nenda ukae ukutani saa nzima kwanza. Sikiliza wanavyosema na mtoto aliyeanguka. Ukiona wanamkalia mtoto mgongoni akinyooshwa huku analia, au wanasema habari za uzito kwa watoto wa miaka minane, au mzazi haruhusiwi kutazama, ondoka hapo hapo. Mwezi wa Januari 2018 wanawake na wasichana zaidi ya 150 walitoa ushahidi mahakamani Michigan, jirani zenu hapo, juu ya daktari wa timu ya taifa aliyewadhulumu kingono miaka na miaka, na wengine aliwadhulumu wazazi wao wakiwa ndani ya chumba kilekile. Kwa hiyo mlango uwe wazi, na daktari au kocha asibaki na mtoto peke yake. Hilo halina ngazi.

Wifi yako simpuuzi. Anaishi huko, anajua aliyoyaona. Lakini karatasi moja yenye majina mawili, moja la Mzungu, haitoshi kumhukumu mtu. Tazama msimu mzima: nani anasahihishwa, nani anaachwa, nani anaitwa kwa jina.

Kuna njia nyingine ambayo huenda hawajakueleza. Pembeni ya ngazi za namba kuna mpango unaoitwa Xcel, unaanzia Bronze, Silver, Gold na kuendelea. Humo kila mtoto anatungiwa zoezi kulingana na anavyoweza, na Silver haimlazimishi awe na kipu. Mara nyingi saa ni chache na gharama nafuu. Wako wanaodhani ni pa walioshindwa. Sikubaliani nao. Kwa familia yenye mama wa zamu ya usiku na mtoto wa pili ambaye katika barua nzima umemtaja kwa idadi tu, ningeitazama vizuri sana.

Na mtoto mwenyewe. Umeniambia alilia. Hujaniambia alilia kwa nini. Anataka Ngazi ya 4, au anataka kukaa karibu na wale wanne? Ni maumivu mawili tofauti, na la pili linatibika kwa kuwaalika Jumapili wakala pilau wakalala hapo. Muulize mkiwa kwenye gari, wewe unatazama barabara na yeye anatazama dirishani, watoto wanasema zaidi wasipotazamwa usoni. Usimuulize kama anataka kupanda, atasema ndiyo ili ufurahi, maana alikuona ulivyolia. Muulize kitu gani anakipenda kuliko vyote akifika pale, na kitu gani angependa kisiwepo. Kisha nyamaza, hata kama kimya kitachukua mataa mawili.

Bibi mwambie hivi: kanuni za shirikisho la kimataifa zinaruhusu vazi refu la kufika kifundo cha mguu, na mwaka 2021 wasichana wa timu ya Ujerumani walilivaa kwenye mashindano ya Ulaya na kisha Tokyo, kwa hiari yao. Kwa mashindano ya kwenu muulize kocha mapema kabla timu haijaagiza mavazi, kwa kuwa timu hupenda kufanana. Na mtoto naye aulizwe, ndiye anayelivaa.

Chuma cha sebuleni kifungue nati, kilale chini ya kitanda mpaka daktari aseme. Godoro lirudi mahali pake leo hii, jirani wa chini naye apate usingizi.